Beseni Lililoombewa

Bukavu, Cimpunda
Jumapili, baada ya misa

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha nawasalimu wote walioingia hapo jikoni, maana najua Riziki hawezi kukusomea barua bila majirani kusogeza viti. Mguu unasemaje? Paa linavuja bado upande wa kuku? Mimi ni mzima. Mabega yanauma, lakini mabega ya mchukuzi yakiacha kuuma ujue hana kazi.

Riziki, dada yangu mdogo, soma polepole na usiruke kitu, hata mahali utakapoona aibu kwa ajili yangu. Shule yangu unaijua ilipoishia. Ukikuta kosa, lisahihishe kwa mdomo na uendelee.

Mama, nimempa dereva wa lori barua hii kwa haraka kwa sababu nataka ifike kabla ya mtu fulani. Kuna mtu atakuja kwako kutoka Bukavu akiwa na simu kubwa. Atakuletea beseni la plastiki la rangi ya buluu, lenye waya wa umeme. Atakusalimu vizuri, ataomba pamoja nawe, halafu atataka useme ndani ya simu yake kwamba beseni lile ndilo lililokuponya mguu. Usiseme neno kabla hujasikia barua hii mpaka mwisho. Na ikiwa wafanyabiashara wa Kamituga wamekwisha kukuambia kwamba mwanao alimkana Mungu kwenye televisheni, wamekudanganya. Mimi nilikana beseni.

Unajua nilikuwa mchukuzi katika depo ya Papa Deo, anayeuza vyombo vya nyumbani. Mke wake, Maman Nadine, huonyesha vyombo hivyo kwenye televisheni ya hapa mjini kila Alhamisi na Jumamosi. Watu wanapiga simu, na sisi tunawapelekea mpaka mlangoni. Tulikuwa wachukuzi wawili, mimi na muzee Lwaboshi, mtu wa Walungu, ambaye amebeba mizigo tangu mimi sijazaliwa na bado anapanda ngazi za Kadutu akipiga mluzi.

Kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango wa chuma, tulishikana mikono katikati ya makatoni tukaomba. Kila mtu alitaja haja yake, na Maman Nadine aliziandika katika daftari. Haja ikijibiwa, aliweka alama kwa kalamu nyekundu na sisi tulipiga makofi. Sitayacheka maombi yale. Kuna asubuhi niliamka nikiwa sina nguvu hata ya kufunga mkanda, na kushika mkono wa Lwaboshi pale ndiko kulikonifanya nibebe siku ile. Haja yangu ilikuwa moja tu, tena ile ile kila siku: mguu wa mama yangu, aliyetwanga mawe ya dhahabu miaka mingi mpaka goti likakataa. Riziki alipokwenda Kamituga kutafuta mtandao, akanipigia simu na kusema umekwenda kanisani kwa miguu yako, nililisema jambo hilo asubuhi iliyofuata. Walipiga makofi. Alama nyekundu ikawekwa. Nililia kidogo, na Lwaboshi akaniambia nifute uso, nitalowanisha makatoni.

Baada ya hapo ndipo mabeseni yalipofika. Ni mabeseni ya kukanda miguu. Unaweka maji, unachomeka waya, maji yanapata moto na kutetemeka. Kitu kizuri, sikatai. Lakini yalikuja mengi mno, yakajaza depo mpaka tukawa tunaomba tumebanana ukutani, na hayakununuliwa. Lwaboshi alisema mbele ya Papa Deo, patron wetu, bila kuogopa:

"Beseni hii inaomba courant. Na courant yetu nayo inaombwaka kila siku ikuje. Sasa nani atasaidia mwenzake?"

Patron alicheka, maana umeme wetu anaujua. Maman Nadine hakucheka. Aliyatazama tu makatoni.

Jioni ya Alhamisi moja nilikuwa kwa jirani yangu Maman Faida. Ni mjane anayeuza makala, yaani makaa ya kupikia, na kati ya chumba chake na changu kuna ukuta wa mbao tu. Akipiga chafya ninamwambia pole bila kuinuka. Ana televisheni ndogo, na umeme ulikuwapo. Tukamwona Maman Nadine. Alikuwa ameweka beseni juu ya kitambaa cheupe kama cha altare, na Biblia imefunguliwa kando. Akasoma mahali Bwana Yesu anapojifunga taulo na kuwaosha wanafunzi miguu. Akaweka mkono juu ya beseni, akafumba macho, akaomba kwa ajili ya kila nyumba itakayolipokea. Kisha akasema hivi:

"Tuko na muchukuzi moja. Mama yake iko kule Mwenga, upande wa Kamituga. Alitwanga mawe mpaka muguu ikakufa. Tulimuombea hapa hapa kwa depo. Leo huyu mama anatembea. Wapenzi, namba ya simu iko chini."

Mama, angalia vile alivyofanya. Hakusema kwamba uliingiza mguu ndani ya beseni. Aliiweka habari yako karibu na beseni, kama mtu anavyoweka nyama karibu na mbwa, halafu akanyamaza. Wala siku zile tulipokuombea mabeseni hayakuwa yamefika. Yalikuwa bado huko yanakotengenezwa.

"Huyu muchukuzi njo weye?" Maman Faida aliniuliza.

Nikasema ndiyo. Sasa Riziki asipunguze sauti hapa. Nikasema ndiyo, na nilifurahi. Nimeishi katika mji huu miaka mingapi bila mtu kujua kwamba nina mama? Ghafla unatajwa kwenye televisheni, na watu wa Muhumba wenye majumba yao ya ziwani wanakusikia. Nilijiambia kwamba ni kweli tuliomba na ni kweli unatembea. Sikujiuliza zaidi ya hapo. Hilo ni kosa langu, sitampa mtu mwingine alibebe.

Mabeseni yakaanza kutoka. Tuliyabeba mimi na Lwaboshi mpaka viatu vikafunguka mdomo. Na moja nilimpelekea Maman Faida mwenyewe, jirani yangu, nikaliweka mlangoni kwake na kumtakia baraka.

Yeye ana ugonjwa wa sukari. Kaa la moto lilikuwa limemwangukia juu ya mguu, na kidonda hakikutaka kufunga. Alikuwa anakwenda kituo cha afya kusafishwa kidonda, akishuka ngazi kwa makalio wakati wa mvua, lakini hakukosa. Baada ya beseni, aliacha kwenda. Mimi sikugundua, maana natoka mapema na kurudi nimechoka. Niligundua kwa harufu, kupitia ule ukuta wa mbao.

Nikaingia kwake. Alikuwa ameketi, mguu umo ndani ya beseni, waya umechomekwa, na nyumba nzima haina umeme.

"Maman Faida, courant iko wapi?"

"Iliondoka tangu jana."

"Sasa unafanya nini na muguu ndani ya maji ya baridi?"

"Naamini," alisema.

Nilichuchumaa pale chini. Maji yalikuwa na rangi ambayo sitaitaja, kwa kuwa huenda mko mezani. Nikamwambia autoe mguu.

"Shi mama yako alipona?" akaniuliza.

"Mama yangu hajaonaka hii beseni hata siku moja. Kwetu hakuna hata nguzo ya courant. Alipona juu alichomwa sindano, na juu Riziki alimukataza kutwanga mawe."

Akautoa mguu polepole. Hakunikasirikia, na ingekuwa heri anikasirikie.

"Na weye ulibeba beseni mpaka kwangu," akasema, "bila kunielezea?"

Mama, nimebeba saruji, nimebeba mabati, nimebeba friji ya mtu mpaka juu Cimpunda kwenye utelezi. Sijabeba kitu kizito kama swali lile.

Asubuhi nilimpeleka kituo cha afya mgongoni, ngazi zote. Njiani aliwasalimu watu kama malkia na kuwaambia amepata pikipiki isiyotaka mafuta. Muuguzi alipofungua kile kitambaa alitukaripia wote wawili, kisha akasema tumefika kabla mguu haujawa wa kukatwa, lakini si kwa mbali. Nikamwacha pale nikaenda kazini. Maombi yalikuwa yamekwisha. Daftari lilikuwa mezani, na patron na mke wake walikuwa wakihesabu makatoni.

Nikawaeleza yote. Nikamwomba Maman Nadine aseme kwenye televisheni kwamba beseni ni la kupumzisha miguu iliyochoka, basi, na kwamba mtu mwenye kidonda aende hospitali. Alisikitika, naomba ujue hivyo. Yeye si mtu mbaya. Alituma matunda kwa Maman Faida siku ile ile. Lakini aliniambia:

"Bulambo, mimi nilianza na sahani sita kando ya barabara. Sikukuwa na mutaji, sikukuwa na bwana. Niliomba juu ya kila sahani. Leo unataka nikiingia kwa televisheni, nimuache Mungu mulangoni sawa viatu?"

Neno lile lilinigusa, kwa sababu ni la kweli. Nikamjibu:

"Hapana, maman. Muingie naye. Lakini musimubebeshe makatoni. Wachukuzi tuko hapa."

Lwaboshi alikohoa ili asicheke. Patron alinipiga begani kwa upole, vile mtu anavyompiga ng'ombe anayemnunua.

"Unajua kusema," alisema. "Basi Jumamosi weye njo utasema. Maman atakuuliza habari ya mama yako, weye utajibu anatembea. Hakuna uongo pale. Anatembea ao hatembei?"

"Anatembea, patron."

"Njo hivyo. Nitakupa shati nyeupe."

Nilikubali. Siku zile mbili sikulala vizuri. Nilijua kwamba nikisema "anatembea" na kunyamaza, kazi ninayo. Nilijua pia kwamba Maman Faida atakuwa mbele ya televisheni yake.

Jumamosi nikavaa shati. Mahali pale pa kupigia picha ni chumba kidogo, taa zinachoma kama jua la saa sita. Beseni lilikuwa juu ya kitambaa cheupe. Maman Nadine akasoma tena habari ya miguu, akaomba, akanigeukia akitabasamu: ndugu yetu Bulambo, mama anaendelea namna gani?

Nikasema anatembea. Akaitikia haleluya. Akataka kuendelea, lakini mimi sikunyamaza. Nitaandika maneno niliyosema kadiri ninavyoyakumbuka:

"Anatembea, lakini beseni hii hajaionaka. Muganga alimuchoma sindano, na dada yangu alimuchunga, na mimi nilimuombea Mungu, na Mungu alisikia. Beseni haikukuwa pale. Mwenye iko na kidonda asiingize muguu humu, aende hospitali. Jirani yangu alifanya hivyo, na muguu ilikaribia kukatwa, na mimi njo nilimubebea beseni. Na tena, maman amesoma juu ya kuosha miguu. Mama yangu aliishaka kuoshwa miguu, Alhamisi Kuu, kwa kanisa letu la udongo. Padri alipiga magoti, akamuosha, akamupangusa. Na kisha hakutuuzia beseni."

Unaikumbuka siku ile, Mama? Katekista alikuchagua uwe mmoja wa wale kumi na wawili wa kuoshwa, na wewe ulijificha nyuma ya nyumba kwa sababu visigino vyako vilikuwa vimepasuka na vumbi la mawe limeingia ndani ya nyufa. Baba akakutoa. Taulo halikuwapo, wakatumia kanga ya kumbebea Riziki. Nilikuwa nimesimama karibu, nikayaona maji yakigeuka kijivu, na padri hakukunja uso. Ulirudi nyumbani ukatembea polepole sana, kama mtu anayeogopa kumwaga kitu. Ndiyo picha niliyokuwa nayo chini ya zile taa. Nisingeweza kuiacha iuzwe.

Kijana wa kamera alitikisika kwa kicheko mpaka picha ikacheza, ndivyo walivyoniambia. Wakaweka nyimbo haraka. Maman Nadine hakunitukana. Alifunga Biblia yake, akaketi, akayatazama mabeseni.

Jumatatu nilikwenda kazini kama kawaida, maana hakuna aliyenifukuza bado. Tuliposimama kushikana mikono, patron alisema kwanza nipige magoti katikati ili wanitoe roho ya uasi.

"Nitashikana mikono na ninyi," nikamwambia. "Nitaomba na ninyi mupaka saa sita kama munataka. Lakini kupiga magoti juu ya ile nilisema, hapana, patron. Kama ni roho, ilisema kweli. Muiache ikae."

"Bulambo, unajua unapoteza nini?"

"Najua. Kazi hii niliibeba miaka mingi."

Akasema basi niondoke. Lwaboshi alikuwa bado ameshika mkono wangu wa kushoto. Alisema kwa sauti kwamba amina haijasemwa, na mtu hafukuzwi katikati ya maombi. Kwa hiyo waliomba, kifupi, mimi nikiwa ndani ya duara, na baada ya amina akaniachilia. Nikavua shati jeupe, nikalikunja, nikaliweka juu ya daftari lile la haja.

Siku tatu baadaye patron alinitumia neno kupitia Lwaboshi. Watu wengine wanarudisha mabeseni. Lakini ikiwa mama mwenyewe, kwa sauti yake, atasema kwamba beseni lilimsaidia, nitarudi kazini, tena si kama mchukuzi. Nitashika funguo za depo. Mtu ameshatayarishwa kuja kwako. Ndiyo sababu ya barua hii.

Kwa sasa nabeba magunia ya unga wa mihogo katika soko la Kadutu. Ni kazi ya kugombania, asubuhi unaamkia kusukumana na wenzako. Siwezi kukudanganya kwamba sijuti; mgongo wangu unajuta kila jioni. Mimi sijuti.

Na usifikiri sasa nimekuwa mtu wa kukasirika nikisikia jina la Mungu sokoni. Huku kila meza ina jina lake. Wanawake wanafagia mahali pao wakiimba nyimbo za kanisa kabla ya kutandaza bidhaa, na mimi naimba nao chini ya gunia. Kuna mama mmoja anauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa. Akikupimia, anasema "Mungu akubariki", halafu anakuongezea konzi moja ya matabishi. Namwangalia kila siku. Kwake jina la Mungu linakuja na samaki wa nyongeza. Kwa wale wa depo linakuja badala ya kitu kinachokosekana. Sikusoma sana, lakini tofauti hiyo naiona, na mtu akiniambia nimeasi, nitamwambia aende akanunue sambaza.

Maman Faida anaendelea vizuri. Kidonda kimeanza kufunga pembeni. Hajaniambia kwamba amenisamehe, lakini jana aligonga ukuta wa mbao akaniuliza kama nimekula.

Sasa, Mama, mtu yule akifika, usimfukuze. Mpe kiti, mpe chakula, njia ni mbaya na ametumwa tu. Akitaka kuomba, omba naye. Maombi hayana hatia. Akiuliza kilichokuponya, mwambie unavyojua wewe mwenyewe: sindano, Riziki, na mchi uliowekwa chini. Na ukitaja Mungu, mtaje kwa nguvu, mimi pia naamini kwamba alikuwa ndani ya mambo yale. Lakini asiondoke na sauti yako kwa ajili ya kazi yangu. Funguo za depo sizitaki kwa bei hiyo. Wakisema kwamba unamnyima mwanao chakula, waambie mwanao ndiye aliyekuomba.

Na akikuachia lile beseni, lipokee, umshukuru. Kateni waya. Ni plastiki ngumu, pana, halina tundu. Litaloweka mihogo ya nyumba nzima mara moja.

Nisalimieni mjomba, mwambieni shoka lake ninalo bado. Nisalimieni mume wa Riziki na watoto wao, na shangazi wa ng'ambo ya mto aliyenifunza kubeba mzigo kwa kamba ya kichwani, aambiwe kamba hiyo bado inanilisha. Katekista mzee nisalimieni kwa namna ya pekee. Akiuliza kama ni kweli nilisema yale niliyosema, jibuni ni kweli, na kwamba yeye ndiye aliyemtoa mama yangu kwenye orodha ya watu wasiotazamwa, mimi nilikumbusha tu.

Mama, miguu yako uichunge. Ni yako, haiuzi kitu.

Mwanao,
Bulambo, wa soko la Kadutu